Chombo ni Chako, Njia ni ya Wote

Ndugu msomaji, huenda nawe umepata kulisikia neno hili, ama barazani, ama ndani ya nyumba yako mwenyewe. Kijana amenunua pikipiki. Ameinunua kwa jasho lake, hakuiba wala hakukopa. Haikupita wiki ameipeleka kwa fundi. Usukani umeshushwa, bamba za pembeni zimevuliwa, na silensa ya kiwandani imeng'olewa katika bomba la moshi, hata pikipiki ikipita mtaani usiku watoto waliolala hushtuka. Baba mtu akimwita na kumkanya, kijana hujibu kwa adabu, lakini hujibu: "Baba, pikipiki ni yangu, mafuta nanunua mimi, na roho ninayoitia khatarini ni yangu. Nimemkosea nani?"

Mara nyingi sisi wazee hatumjibu. Twamkemea tu. Twamwambia kuwa mashine hiyo ni shetani, na kwamba enzi zetu vijana walikuwa na haya. Hilo si jibu. Kijana ameuliza swali, na swali lake ni zito kuliko anavyodhani mwenyewe: mtu akifanya jambo la khatari kwa mali yake na kwa mwili wake, yuko mwingine mwenye haki ya kumzuia? Yafaa tulikabili swali hili kwa uadilifu, maana kijana aliyenyimwa jibu hudhani kuwa jibu halipo.

Kwanza na tumpe haki yake. Kupenda chombo kiendacho kasi si dhambi, wala si jambo lililokuja pamoja na petroli. Mwanadamu amependa mbio tangu alipompanda farasi. Hapa pwani ni nani asiyejua mashindano ya mashua na mbio za punda zifanywazo Lamu wakati wa Maulidi? Tena tumepokea katika khabari za Mtume wetu (s.a.w.) kuwa alishindanisha farasi Madina. Farasi waliotayarishwa kwa mazoezi walikimbizwa kutoka mahali paitwapo Hafya mpaka Thaniyatul Wadaa, mwendo wa maili tano au sita. Wale wasiotayarishwa walikimbizwa kutoka hapo Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, mwendo wa maili moja hivi. Abdullahi bin Umar, sahaba ajulikanaye sana kwa uchaji wake, alikuwa miongoni mwa walioshindana.

Hebu liangalie vizuri jambo hili. Palikuwa na mahali pa kuanzia na mahali pa kumalizia, na kila mtu akipajua. Mnyama dhaifu hakulazimishwa mwendo wa mnyama hodari. Mbio zilikuwako, na zilikuwa na mpaka. Basi ikiwa kosa halimo katika mbio zenyewe wala katika kukipenda chombo, limo wapi?

Ili tulione, na tutoke kidogo katika mitaa yetu, twende mahali ambapo mambo haya yalizuka, yakapanda na kisha yakashuka, hata leo twaweza kuyatazama tangu mwanzo mpaka mwisho bila ya hasira, kwa kuwa waliohusika si watoto wa jirani zetu. Twende Uingereza, katika miaka ya 1950 na 1960.

Huko London, kando ya barabara kubwa iitwayo North Circular, ulikuwako mkahawa kwa jina Ace Cafe. Ulifunguliwa mwaka 1938, ukabomolewa kwa mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ukajengwa upya mwaka 1949. Wateja wake walikuwa madereva wa malori, na kwa kuwa haukufungwa usiku, vijana wenye pikipiki waliufanya baraza lao. Vijana hao, waliojulikana kwa jina la rockers, walivaa makoti meusi ya ngozi, na fahari yao kubwa ilikuwa ni kufikia maili mia kwa saa, yaani kama kilomita 160, juu ya barabara ya watu wote. Husimuliwa hata leo kuwa kijana aliweka santuri katika mashine ya muziki ya mkahawani, akatoka mbio mpaka mahali walipoagana, na kurudi kabla wimbo haujakwisha. Ikiwa ni kweli au ni chumvi ya masimulizi, simulizi yenyewe yatuonyesha walichokuwa wakikitamani.

Pikipiki za kiwandani hazikuwatosha. Kiwanda cha Triumph kilisifika kwa injini zake, khasa ile ya Bonneville iliyotoka mwaka 1959, yenye silinda mbili na ukubwa wa sisi 650. Kiwanda cha Norton kilisifika kwa fremu, ile iliyobuniwa na Rex McCandless wa Belfast na kuingizwa mashindanoni mwaka 1950. Mwendeshaji mmoja, Harold Daniell, alipoijaribu alisema kuipanda ni kama kulalia godoro la manyoya, na jina hilo likaigandia. Viwanda hivi viwili vilikuwa wapinzani sokoni. Walakini fundi wa uchochoroni hakuujali upinzani wao. Aliitwaa injini ya huyu akaifunga katika fremu ya yule. Akaushusha usukani na kuvirudisha nyuma vikanyagio, ili mwendeshaji alale juu ya tangi na upepo umpite mgongoni. Ikapatikana pikipiki isiyokuwa ya kiwanda chochote, nayo ikaitwa Triton, jina lililofumwa kwa majina ya viwanda vyote viwili.

Hapo mimi sina la kusema ila sifa. Fundi yule alitazama kwa akili, akaona kuwa huyu ana hiki na yule ana kile, wala hakuona haya kuunganisha kizuri na kizuri. Kuitengeneza mashine hata ikakaa imara katika kona na ikasimama pale unapotaka isimame, hiyo ni kazi ya mikono iliyobarikiwa. Kijana ajuaye kulifungua kabureta, akalisafisha, akalirudisha mahali pake likafanya kazi, ana elimu ambayo wengi wetu hatuna. Tusiidharau.

Upande wa pili walikuwako vijana wengine, waliojulikana kwa jina la mods. Hawa walipenda suti zilizokatwa vizuri na viatu vilivyong'arishwa, na chombo chao kilikuwa skuta ya Kitaliana, Vespa au Lambretta. Vespa twaijua vyema sisi watu wa pwani na visiwani. Ilitolewa na kiwanda cha Piaggio mwaka 1946, na aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki. Kwa hivyo aliifunika injini, akaweka bamba mbele ya miguu, na akaacha nafasi ya kupitisha mguu bila ya kuunyanyua. Mzee wa kanzu aliyeweza kwenda msikitini na Vespa yake na kufika bila ya tone la oili katika upindo wa kanzu, alifaidika na uchaguzi wa mtu yule, ijapokuwa hakupata kumsikia.

Vijana wa London nao hawakuiacha skuta kama ilivyokuja. Walaiti ingekuwa wameiongezea breki! Waliipachika vioo na taa, mbele na ubavuni, vioo kumi, vioo ishirini, hata skuta ikawa kama duka la vioo linalotembea. Mtu ahitaji vioo viwili ili aone nyuma. Kile cha ishirini si cha kuonea, ni cha kuonekanwa.

Basi makundi haya mawili yakawa hayatazamani kwa jicho jema. Mwenye pikipiki alimwona mwenye skuta kuwa ni bwana harusi aliyepanda cherehani. Mwenye skuta alimwona mwenye pikipiki kuwa ni mtu mchafu anukaye oili, aliyepitwa na wakati. Sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1964, katika mji wa pwani wa Clacton, vijana wengi walikusanyika. Kulikuwa na baridi na hapakuwa na la kufanya, pakatokea kusukumana, kuvunjwa vioo vya madirisha na kurandisha vyombo huku na huku. Magazeti yakaandika kana kwamba vita vimeingia. Mwezi wa Mei mwaka huohuo, huko Brighton na Margate, wakakutana wengi zaidi, na mara hii walipigana ufukweni mbele ya watu waliokuja na watoto wao kupunga upepo.

Mtaalamu wa mambo ya jamii, Stanley Cohen, aliyachunguza matukio haya na kuyatolea kitabu mwaka 1972. Alionyesha kuwa magazeti yaliyakuza mambo kupita yalivyokuwa, na kwamba ule uadui uliotajwa kuwa mkubwa tangu asili, ulipata nguvu khasa baada ya kutangazwa. Vijana walisoma kuwa wao ni maadui, wakaenda ufukweni kuwa maadui. Nasi tulichukue hilo kwa mizani zetu. Ni mara ngapi fitina ya mitaa miwili imezidishwa na waliokuwa wakiisimulia kuliko waliokuwa ndani yake?

Sasa, ndugu msomaji, jiulize ugomvi wao ulikuwa juu ya nini. Hapakuwa na mali iliyoibwa wala damu iliyodaiwa. Wote walikuwa ni watoto wa mji mmoja, wakipenda kitu kimoja: upepo usoni, na ule uhuru aupatao kijana anapoondoka nyumbani kwa chombo chake mwenyewe. Ajabu kubwa kwangu mimi ni hii. Kijana aliyekuwa na busara ya kuuoanisha mkono wa Triumph na mkono wa Norton ndani ya gereji yake, alipotoka nje hakuweza kumvumilia kijana mwenzake kwa sababu ya umbo la chombo alichopanda. Busara yake ilifika kwenye vyuma, haikufika kwa watu.

Na hapa ndipo nionapo mzizi wa jambo. Chombo ni kitu cha kumfikisha mtu. Kinapogeuzwa kuwa ulimi wa kuwaambia wengine mimi ni nani, hakitosheki tena. Mwenye kwenda mbio kwa sababu apenda kwenda, akifika hutulia. Mwenye kwenda mbio ili aonekane hafiki popote, kwa kuwa kila siku yuko mtazamaji mpya, na kila siku yuko mwenye chombo kilicho bora kuliko chake. Wanavyuoni wetu wameieleza sana ria katika ibada, lakini mtu aweza kuwa na ria hata katika klachi na gia.

Mzani wa kujipimia ni huu. Kabla hujabadilisha kitu katika pikipiki yako, jiulize: ningelikuwa peke yangu katika barabara isiyokuwa na mtu wala nyumba, ningelikitaka kitu hiki? Tairi zuri ungelitaka. Breki zenye kushika ungelitaka, na taa iangazayo mbali, na kiti kisichouumiza mgongo. Lakini ungeliing'oa silensa?

Na tuitazame hiyo silensa, maana ndiyo inayozigombanisha nyumba nyingi. Vijana wengi huamini kuwa ikiondolewa nguvu huongezeka. Injini imepimiwa hewa na petroli kwa kiasi maalumu. Ukilifungua bomba bila ya kuirekebisha kabureta, kipimo hicho huharibika, injini huzidi joto, na valvu za kutolea moshi huweza kuungua. Katika zile injini zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, bomba la moshi limeumbwa ili mawimbi ya moshi yarudi nyuma na kuizuia petroli mbichi isitoke kabla ya kuwaka. Likikatwa ovyo, nguvu hupungua. Kwa hivyo kijana aliyeamsha mtaa mzima huenda anakwenda polepole kuliko alivyokuwa akienda jana. Kilichoongezeka ni kelele, na kelele hizo hazimfai yeye mwenyewe kitu. Ziko kwa ajili ya masikio ya wengine.

Na masikio hayo ni ya nani? Ni ya mgonjwa aliyepata usingizi alfajiri baada ya kukesha, na ya mama aliyemlaza mtoto mchanga kwa tabu. Ni ya mtu aliyesimama katika sala yake, akapotelewa na hesabu ya rakaa. Hawa wote hawakununua pikipiki, lakini wameigharimia.

Twarudi katika neno la kijana: "Roho ninayoitia khatarini ni yangu." Tumwulize kwa upole, na tumpe hesabu, kwa sababu vijana wa leo huziheshimu hesabu. Mtu aendaye kilomita 60 kwa saa hukata mita 17 hivi kwa kila sekunde. Akienda kilomita 120, hukata mita 33. Tangu jicho kuona mpaka mkono kushika breki hupita kama sekunde moja, na katika sekunde hiyo pikipiki haijaanza hata kupunguza mwendo. Kisha breki zikishika, mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama huzidi mara nne. Si mara mbili, ni mara nne. Hapo hapana ushujaa wala ustadi unaoweza kubishana na jambo hilo, kwa kuwa ndivyo vitu vilivyoumbwa.

Chukulia basi mtoto wa miaka saba ametumwa chumvi dukani. Ametazama kulia, ameona taa mbali sana, akavuka. Yeye alipima kwa mwendo wa watu wote. Hakujua kuwa taa ile ni ya mtu aliyekuwa akimwonyesha mwenzake kuwa aweza. Katika mbio za Madina kila aliyekuwamo alijua kuwa amo. Katika mbio za barabarani, wawili wamekubaliana na mia hawakuulizwa. Dereva wa lori hakuulizwa, wala bibi aliyebeba kapu lake kutoka sokoni. Hiyo ndiyo dhulma iliyomo, na ndiyo jibu la swali la kijana. Chombo ni chako, lakini njia ni ya wote. Sisi ambao tangu chuoni tumefundishwa kuwa kuuondoa mwiba njiani ni katika mambo mema, tutasemaje juu ya mtu ajifanyaye yeye mwenyewe kuwa mwiba?

Hata roho yenyewe, ni yake peke yake? Akivunjika mguu, ni nani atakayemgeuza kitandani? Ni mama yake. Ni nani atakayeuza bangili kulipa daktari? Ni mkewe. Mwili wa mtu ni amana aliyopewa, na juu ya amana hiyo wamejiegemeza watu ambao yeye hawaoni akiwa juu ya tangi.

Kijana atasema: "Basi wanitaka niwe mwoga." La. Nitakusimulia khabari ya mtu ambaye hakuna apandaye pikipiki awezaye kumwita mwoga. Giacomo Agostini wa Italia aliutwaa ubingwa wa dunia mara 15. Miongoni mwa mashindano makubwa ya wakati wake yalikuwa yale ya TT katika kisiwa cha Man, yaliyoanza mwaka 1907. Njia yake ya mlimani, iliyotumika tangu mwaka 1911, ina karibu kilomita 61 kwa mzunguko mmoja, nayo hupita katikati ya vijiji, kando ya kuta za mawe na nguzo na milango ya nyumba. Wakati wa mashindano barabara hufungwa kwa sheria, na kila aingiaye huingia kwa khiyari yake. Hata hivyo, kwa miaka yote hiyo zaidi ya waendeshaji 250 wamekufa katika njia ile.

Agostini alishinda pale mara 10. Mwezi wa Juni mwaka 1972, Gilberto Parlotti, Mtaliana mwenzake na rafiki yake, alianguka katika njia ile siku ya mvua, akafa. Wiki ileile Agostini alishinda mbio kubwa, kisha akatangaza kuwa hatashindana tena mahali pale. Hakurudi. Hakuiacha pikipiki, aliendelea katika viwanja vingine, na mwaka 1975 akawa bingwa wa dunia tena. Waendeshaji wengine wakubwa wakashika njia hiyohiyo, na baada ya mwaka 1976 mbio za kisiwa kile zikaondolewa katika hesabu ya ubingwa wa dunia.

Zingatia alichokikataa. Hakuukataa mwendo wa kasi. Alikataa mahali ambapo kosa dogo la mtu, au la mvua, hulipwa kwa ukuta wa mawe. Alikuwa mshindi, na watu walikuwa wakimshangilia, na ni katika hali hiyo aliposema basi. Aliyeshindwa kusema basi ni jambo jepesi, lakini mshindi kusema basi ni jambo linalotaka moyo. Na ikiwa mtu kama yule aliiona barabara iliyofungwa kwa sheria kuwa haifai kwa mashindano, wewe wasemaje juu ya barabara iliyo wazi, yenye punda, mikokoteni, na watoto watokao chuoni?

Sasa neno kwa wazee wenzangu, maana si haki kumwonya kijana peke yake. Sisi nasi tunazo silensa tulizoziondoa. Yuko alaaniye kelele za pikipiki, na harusi ya binti yake ilipiga vipaza sauti mpaka saa nane za usiku. Yuko asemaye kuwa vijana wana majivuno, na yeye amejenga ghorofa ya tatu asiyoihitaji, kwa sababu jirani yake amejenga ya pili. Kijana hutuona. Maonyo yetu hayamwingii kwa kuwa ameyajua matendo yetu kabla ya maneno yetu.

Tena tuangalie namna ya kuonya. Wakati ule wa vijana wa London, watu wengi waliwaandika magazetini na kuwafungia milango. Kasisi mmoja, Bill Shergold, alifanya vingine. Yeye mwenyewe alikuwa na pikipiki. Mwaka 1962 aliwaendea vijana wale walipokuwa, akawakaribisha, na katika klabu ya vijana iliyoanzishwa mwaka 1959 huko Hackney Wick, mashariki ya London, akawafungulia mlango wao. Hakuwashurutisha kuziuza pikipiki zao kwanza. Aliwapa mahali pa kukaa na mtu wa kusema naye, na maelfu wakajiunga. Si mtu wa dini yetu, walakini jema hutazamwa kwa wema wake. Je, sisi tumewafungulia vijana wetu mahali gani? Ni mzee gani katika mtaa wetu aliyepata kwenda gerejini, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwambia kijana, "Hebu nionyeshe mwanangu, hiki ni nini na chafanya kazi gani?" Nina yakini kuwa kijana aliyeulizwa hivyo jioni, usiku wake atapita polepole mbele ya nyumba ya mzee huyo.

Na kwako wewe kijana, nakuachia khabari moja uifikiri. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aitwaye Adhbaa, ambaye hapakuwa na mnyama wa kumpita. Siku moja akaja bedui na ngamia wake mchanga, akampita. Waislamu waliokuwapo wakaona uzito sana. Yeye mwenyewe hakukasirika, wala hakutaka mbio zirudiwe, wala hakutafuta sababu. Aliwafahamisha kuwa ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kwamba hakipandi kitu katika dunia hii ila hukishusha.

Ndivyo ilivyo. Vile viwanda viwili vya Triumph na Norton, ambavyo watu waligombania sifa zake, vilijikuta vimetiwa katika kampuni moja mwaka 1973, baada ya mashine za Kijapani kama Honda ya silinda nne ya mwaka 1969 kuwapita wote. Kiwanda cha zamani cha Triumph kilifungwa mwaka 1983. Ace Cafe nao ulifungwa mwaka huohuo wa 1969. Ulipofunguliwa tena mwaka 2001, waliorudi walikuwa na mvi, na katika makutano ya siku hizi pikipiki na skuta huegeshwa ubavu kwa ubavu. Wale walioingia ufukweni kupigana kwa sababu ya chombo, wale wanaoishi leo ni wazee wanaoulizana khabari za magoti. Hicho walichokiona kuwa kikubwa kimeshuka, na kilichobaki ni waliodhurika na waliosalimika.

Kwa hivyo ipande pikipiki yako. Ijue, itunze, isafishe, na ukitaka mbio nenda penye kiwanja na mwenye kujua, pamoja na kofia yako kichwani. Ukipitwa barabarani, mwache apite. Na usiku, ukikata kona kuingia mtaani mwetu, legeza mkono. Nyuma ya madirisha yale wako watu wanaokupenda, nao hawalali mpaka wakusikie umefika.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu katika safari zao, na atupe sisi wazee ulimi wa kuwaonya bila ya kuwavunja. Amin.